Abiria Asiye na Jina

Mwanamke akikwambia hana wivu, mtazame mara mbili. Mimi nilikuwa nasema hivyo hivyo, tena kwa kujidai mbele za watu, mpaka Jumatano ile saa tisa alasiri nilipofungua boksi la karatasi za pinki.

Nianze na kazi yangu, maana usipoijua kazi yangu ugomvi wangu utauona wa kitoto. Mimi ni mpanga uzito. Shirika letu la ndege ni la taifa, lakini dogo. Tuna ndege tatu, na tatu zenyewe ni pamoja na ile kuukuu iliyoegeshwa nyuma ya karakana, haijaruka mwaka wa tano sasa, kila mwezi inang'olewa kipuri kuwasaidia wenzake. Abiria wametubatiza jina la "Mtafika Tu." Tunacheka nao, ila wakizidisha tunanuna, kwa sababu mtoto wako hata akiwa na makamasi ni wako.

Basi kabla ndege haijaondoka, mimi ndiye ninayejumlisha watu, mizigo na mafuta, nikapanga kipi kikae mbele na kipi nyuma. Naandika kwenye karatasi yenye nakala tatu. Nyeupe inabaki kwangu. Ya njano wanaachiwa wenzetu kule ndege inakotua. Ya pinki anakaa nayo rubani, na kila baada ya wiki sita zinarudi kwangu boksi zima ili nizifunge kwenye majalada. Nikishasaini, hakuna wa kugusa hesabu yangu isipokuwa rubani. Yeye anaruhusiwa kuongeza mtu mmoja dakika ya mwisho, kwenye mstari wa chini kabisa, kwa mkono wake. Bila sahihi yangu injini haiwashwi. Ndiyo maana kazini hakuna anayeniita kwa jina langu. Wananiita Mizani.

Sasa, rubani. Yeye wanamwita Mpole, kwa sababu hata ndege ikirushwarushwa na mawingu anawatangazia abiria kwa sauti ya mtu anayeomba radhi kwa kukukanyaga mguu. Nilimpenda kwa sauti hiyo kabla sijamwona uso. Miaka miwili tulikuwa pamoja, na miaka yote miwili baba yangu alikuwa na jibu moja tu: "Rubani hataingia nyumba hii nikiwa hai." Halafu wiki tatu zilizopita, tukiwa mezani, bila kuulizwa na mtu, baba akasema, "Waambie wazazi wake waje." Mama alidondosha kijiko. Jumapili hii ndiyo walikuwa wanakuja.

Na Jumatano ndiyo boksi likarudi.

Nilikuwa nazipanga karatasi kwa tarehe huku nikiimba. Nikaona mstari wa chini umeandikwa. *Kiti cha akiba: kilo 69.* Mwandiko wa Mpole, zile tarakimu zake zilizolala upande. Mahali pa jina, tupu. Nikasema sawa, inatokea. Nikaendelea. Wiki iliyofuata, kiti cha akiba, kilo 68. Jina hakuna. Nikaacha kuimba.

Kiti cha akiba kiko ndani ya chumba cha marubani, nyuma yao kabisa, magoti yanagusa migongo yao. Hakikaliwi na mtu yeyote tu. Nikazichambua zote mia na kitu, nikabaki na sita mkononi. Zote za Alhamisi. Zote za safari ya asubuhi. Zote za Mpole. Sitini na tisa, sitini na nane, sitini na saba, sitini na tano, sitini na nne, sitini na mbili. Na kwenye nakala zangu nyeupe, mtu huyo hayupo kabisa.

"Redio!" niliita. "Hebu njoo."

Redio ni shoga yangu wa kaunta ya tiketi. Jina amepewa kwa haki. Hajawahi kulala na neno tumboni.

Alizisoma zote sita, akavuta kiti, akakaa. "Mizani, wanaume mnawaandikia kilo ngapi?"

"Themanini na mbili. Wanawake sitini na sita. Hatuwapimi, ndiyo kipimo cha wote. Hata fundi akikaa kiti kile anaandikwa themanini na mbili."

"Basi huyu kapimwa kabisa. Na mwanamume wa kilo sitini na mbili nitolee wapi? Labda mtoto wa shule." Akashusha sauti, kitu ambacho hakifanyi mara nyingi. "Ni mwanamke, mwenzangu. Na tazama, anapungua kila wiki."

"Kwa nini apungue?"

"Anajikondesha apendeze! Wewe umelala, mwenzio yuko kazini."

"Koma."

"Nikome nini? Na zile peremende za tangawizi?"

"Peremende gani?"

Redio akajishika mdomo, lakini kwa kuchelewa, kama kawaida yake. "Kila Jumatano jioni ananunua pakiti mbili pale dukani ukumbini. Mimi nilidhani za kwako."

Mimi tangawizi siipendi. Yeye mwenyewe Mpole hali peremende, anasema zinamkausha koo. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja, sasa mimi nilikuwa nalo limeandikwa, tena kwa kilo.

*

Jioni nyumbani nilimkuta baba mezani na nyundo, msumari na mkanda wake wa suruali. Anatoboa tundu.

"Mzee, mkanda umekosa nini?"

"Ngozi za siku hizi," alisema bila kuinua macho. "Zinanyooka kama mpira."

"Ngozi nilinunua mimi," mama alisema toka jikoni, "na nilinunua ya kweli. Wewe ndiye uliyeisha makalio. Na chakula hutaki."

"Nimekula kwa wenzangu."

Baba yangu alikuwa mmoja wa mafundi wanne wa kwanza wa shirika, siku ile ndege ya kwanza ilipoletwa na watu wakaja kuigusa matairi. Wanamwita Fundi Mkuu mpaka leo, ingawa amestaafu. Na chuki yake kwa marubani ina historia. Zamani aliandika kwenye kitabu cha ndege: isiruke, injini ya kushoto haifai. Rubani akaona hayo ni maneno ya fundi, akairusha. Ikaangukia shamba la mahindi. Hakufa mtu, lakini rubani akaapa kwamba hakuambiwa. Baba alikaa nyumbani miaka miwili bila kazi mpaka kitabu kilipopatikana, na ukurasa upo. Tangu hapo alikuwa akisema, "Ndege haidanganywi. Rubani anadanganya kila mtu, akianza na yeye mwenyewe."

Usiku huo nilitaka aniambie maneno hayo hayo. Nilitaka mtu wa kukasirika naye.

"Baba, si ulisema marubani ni waongo?"

"Nilisema."

"Sasa huyu wangu amekuwaje?"

Akapuliza vumbi la ngozi kwenye tundu. "Nilisema marubani. Huyu sijamsema."

"Amekupa nini?"

"Mtoto, kalale. Kesho una ndege."

"Na wewe kesho Alhamisi," mama akadakia, "una wastaafu wenzako. Sijui mnazungumza nini kila wiki toka alfajiri, wazee wazima."

Baba akaukunja mkanda, akainuka. Nikaingia chumbani nikiwa na kinyongo na nyumba nzima. Hata baba yangu kanunuliwa, nilisema. Kanunuliwa na ile sauti.

*

Saa moja asubuhi Mpole aliingia ofisini kwangu kuchukua karatasi, kofia kwapani, ananukia sabuni. Akatabasamu. Mungu nisamehe, moyo wangu ulimkimbilia kabla sijaukamata.

"Kapteni," nilisema, "funga mlango."

"Ukiniita Kapteni tukiwa wawili, nimekosa nini?"

Nikazipanga zile sita mezani, moja moja. "Soma."

Hakuzigusa. Masikio yake yalibadilika rangi. Ana masikio yasiyojua siri, na siku zote nilikuwa nikimtania.

"Boksi limerudi," alisema.

"Limerudi. Ulidhani limeliwa na panya?"

"Nilijua litarudi. Niliomba tu lichelewe wiki mbili."

"Wiki mbili! Kumbe kuna na ratiba!" Nilisimama. "Nani anakaa nyuma yako kila Alhamisi?"

"Siwezi kukuambia."

"Huwezi au hutaki?"

"Nimeapa."

"Umemwapia nani? Na mimi uliniapia nini pale kwenye ngazi za ukumbi, mvua inanyesha, viatu vyangu mkononi? Au kile kilikuwa kiapo cha majaribio?"

"Ni kiapo kile kile. Sijakivunja."

"Ni mwanamke?"

"Siyo mwanamke."

"Basi ni mwanamume wa kilo sitini na mbili, anayejikondesha, anayemumunya peremende za tangawizi."

Akainua uso haraka. "Za tangawizi umezijuaje?"

"Kwa hiyo ni zake!"

Alikaa kwenye kiti cha wageni bila kukaribishwa, akaweka kofia magotini. Nilimtazama anavyoizungusha, vidole vile ambavyo nimevishika mara ngapi. Nilikuwa na hasira, na nilikuwa namtamani, na nilijichukia kwa vyote viwili.

"Nikuombe kitu kimoja," alisema. "Niamini mpaka wiki ijayo. Halafu nihukumu utakavyo."

"Wiki ijayo? Jumapili wazazi wako watakuwa sebuleni kwetu! Baba yangu amekukataa miaka miwili, juzi tu kakukubali. Unataka akupe binti yake, halafu mwezi ujao mji mzima umcheke?"

"Baba yako hatachekwa kwa ajili yangu."

"Unamjua wewe baba yangu?"

Akatazama dirishani, upande wa karakana. Nikaona macho yake yana maji, na badala ya kunilainisha yakanichoma zaidi. Mwanamume anamlilia mwanamke mwingine ofisini kwangu, juu ya karatasi zangu!

"Nisikilize," nilisema. "Ama jina, ama wazazi wako wasije."

Nje kigari cha mizigo kilipita kinapiga kelele.

"Basi wasije," alisema taratibu.

Nilidhani sijasikia. "Nini?"

"Wasije. Nikikutajia jina nitakuwa nimekupata wewe kwa kumvunja mtu mwingine, na mtu huyo hana kingine cha kushikilia. Nakupenda. Sijui kama leo hilo lina maana yoyote kwako. Lakini siwezi, mpenzi wangu. Siwezi."

Akavaa kofia, akatoka. Mlango akaurudisha polepole, hata kuubamiza hawezi. Nikakaa chini, nikalia mpaka wino wa Alhamisi ya tatu ukatapakaa.

Nilikuwa bado nafuta uso pale simu ya upepo ilipokoroma. Ni kijana wetu mwongoza ndege wa chini. "Mizani, Mizani. Kapteni ameondoka bila karatasi. Abiria wote wameshapanda. Anaomba karatasi."

Nikaitazama karatasi ya siku hiyo. Haijasainiwa. Nyeupe, njano na pinki, zote zimeshikana, zinanisubiri.

"Mwambie," nilisema, "naileta mwenyewe."

*

Nilivuka uwanja wa lami kwa hatua za mtu anayekwenda kufumania, na ndivyo nilivyokuwa. Nilikuwa nimeshamchora kichwani. Mweupe, kiuno chembamba, kucha ndefu, miguu imekunjwa nyuma ya kiti cha mchumba wangu. Nilikuwa nimepanga hata neno la kumwambia. Mafundi wawili waliokuwa chini ya bawa waliponiona wakaacha walichokuwa wanafanya.

"Dada Mizani," mmoja alisema, "tupe sisi tukupelekee."

"Tangu lini?"

Wakatazamana. Nikaelewa kwamba karakana nzima inajua. Karakana nzima, na mimi ndiye mjinga wao.

Juu ya ngazi mhudumu wa ndege alisimama katikati ya mlango. "Subiri kidogo, dada, nimwite Kapteni atoke—"

"Na wewe unajua?"

Akainamisha kichwa. Nikampita. Abiria wa mbele, bwana mmoja mnene, akamwambia mwenzake, "Tulia, mtafika tu," watu wakacheka. Nikakamata kitasa cha chumba cha marubani, nikafungua.

Kitu cha kwanza nilichokiona ni peremende. Karatasi zake ndogo za kahawia zimekunjwa vizuri, zimepangwa juu ya goti kama skrubu za mtu anayefungua injini. Kisha sweta. Sweta ninayoijua, yenye kiraka cha kiwiko alichoshona mama. Kisha mkanda, wenye tundu jipya, ncha yake imezunguka mpaka karibu na mgongo.

Baba alikuwa amekaa kwenye kiti cha akiba, bahasha kubwa ya hospitali mapajani.

Rubani msaidizi alijifanya anasoma vipimo vya mbele yake kwa bidii ya ajabu. Mpole alikuwa amegeuka, mkono mmoja nyuma, umeshika bega la baba yangu.

"Umechelewesha ndege dakika nne," baba alisema.

"Baba."

"Tano sasa."

"Baba, unakwenda wapi?"

"Kwa wastaafu wenzangu." Akajaribu kucheka, mdomo ukakataa. "Wako wengi kule. Tunakaa kwenye viti mstari mmoja, kila mtu na chupa yake imening'inia. Matibabu haya yako kule tu, hapa hakuna. Leo sindano ya saba. Wiki ijayo ya nane, halafu watatazama tumbo waseme."

Niliegemea mlango. Maneno niliyokuwa nimemwandalia yule mwanamke yalikuwa bado yako mdomoni, sijui pa kuyatema.

"Tangawizi," nilisema. Ndilo lililotoka.

"Inazuia kutapika. Huyu ndiye aliyeniambia." Akamwelekezea Mpole kidevu. "Mama yako hajui. Na wewe sikutaka ujue. Tiketi ya bure ninayo, lakini nikipita kaunta habari zitakufikia wewe. Ndiyo nikaja kwake, mimi, niliyemfungia mlango miaka miwili. Nikamwambia nipitishe upande wa karakana, na uape hutamwambia. Sikumwambia tafadhali."

"Kwa nini mimi nisijue? Mimi mtoto wako!"

"Kwa sababu nakujua. Ungeahirisha. Ungesema mpaka baba apone. Ungekaa kunitazama kama jiko lenye maziwa." "Nilitaka Jumapili ipite kwanza. Nilitaka nikae sebuleni kwangu, nivae koti, watu wasinionee huruma."

"Baba, mficha maradhi..."

"Najua inavyoishia," alisema. "Usiimalizie."

Sikuimalizia. Nilipiga magoti pale kwenye kijinafasi kisichotosha paka, nikalaza kichwa juu ya bahasha. Mkono wake ulikuja kichwani pangu. Ulikuwa mwepesi. Mimi napanga uzito wa watu mia mbili kwa siku, najua kwa kutazama tu kwamba sanduku limezidi kilo mbili, na mzee ninayekula naye meza moja alikuwa anayeyuka mbele ya macho yangu, mimi namtazama mkanda. Nililia kwa aibu kabla sijalia kwa huzuni.

Nilipoinua uso, Mpole alikuwa ananitazama. Hakuwa na ushindi wowote machoni. Alikuwa amechoka tu, na alikuwa ananipenda.

"Ungeniambia," nilimnong'oneza.

"Niliapa."

"Ningekuacha. Nimeshakuacha, dakika ishirini zilizopita."

"Najua. Nilikuwa nafanya hesabu nitaishije." Akajifuta jicho kwa kiganja, harakaharaka. "Haikuwa inatoka."

"Sasa sikia," baba alisema, na sauti ya Fundi Mkuu ikamrudia. "Unataka kujua amenipa nini? Uliniuliza jana. Siku ya kwanza, nimejificha pale nyuma ya matairi, huyu ananipeleka kwenye mizani ya mizigo. Nikamwambia niache, nani atajua? Kilo sitini na tisa kwenye ndege hii ni kitu gani? Nipakize kimya kimya. Akasema hapana, Mzee. Ukipanda, unaandikwa. Nikamwambia basi andika themanini na mbili kama wanaume wenzangu. Akasema siyo kweli. Kila Alhamisi ananipima, ananiandika, na anajua fika karatasi zinarudi kwa nani. Mwongo angeandika?"

Mpanga uzito mzima! Usiku kucha niliyawaza maandishi yale nikaona ushahidi wa uongo, na mtu anayenidanganya asingeniachia hata tarakimu moja. Redio hakuliona hilo, na mimi ambaye ndiyo kazi yangu sikuliona.

"Rubani wa kwanza nilimwandikia ukweli akautupa," baba alisema. "Huyu niliomba anifiche, akaniandika. Nimekaa nyuma ya shingo yake Alhamisi sita. Jumapili waje. Ila waje saa nne, siyo saa nane. Mchana siku hizi nalala."

"Alisema wasije," nilisema, nusu nacheka, nusu kikohozi.

"Nani?"

"Huyu. Mimi nilimlazimisha."

Baba akamgeukia. "Ulisema?"

"Nilisema, Mzee."

"Kwa ajili ya kutonitaja?"

Masikio ya Mpole yakamjibia. Baba akatikisa kichwa muda mrefu, akachukua peremende moja, akamwekea mkononi. Mpole, asiyekula peremende, akaifungua akaitia mdomoni.

"Jamani," rubani msaidizi alisema bila kugeuka, "dakika kumi na moja."

"Nakwenda na nyinyi," nilisema.

"Huendi," baba alisema. "Ndege ya saa tano ataipanga nani? Mimi nikirudi saa tisa utanikuta pale chini ya ngazi. Utanisindikiza mpaka nyumbani, tukamwambie mama yako pamoja, kwa sababu peke yangu naogopa. Sasa andika, watu wana safari zao."

Nikatoa kalamu. Niliiweka karatasi juu ya ile bahasha, kwenye mapaja yake, kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine. Nikashuka mpaka mstari wa chini.

"Ngapi leo?" niliuliza.

Mpole ndiye aliyejibu, kwa ile sauti yake ya kuomba radhi. "Sitini na moja."

Nawaambia ukweli, mkono wangu ulitaka kuandika themanini na mbili. Ulitaka kumwandika alivyokuwa, mzima, kifua kimejaa ovaroli, ananibeba mabegani kunionyesha ndege ya kwanza inavyosafishwa.

"Andika," baba alisema polepole. "Ndege haidanganywi."

Nikaandika. Kiti cha akiba, kilo sitini na moja. Na mahali pa jina, palipokaa patupu Alhamisi sita, nikaandika kwa herufi kubwa zilizopita mpaka kwenye nakala ya pinki: BABA YANGU. Halafu nikasaini.